Kamera Haiwekwi Mezani

Brendon alifika na harufu ya pai. Alikuwa ameila njiani, akiendesha gari kwa mkono mmoja kutoka Hastings, na mkwe huyo kila alichokula njiani hufika nacho: kidogo kwenye ndevu, kidogo kwenye shati, kilichobaki kwenye vidole. Alipoinama wagusane pua, kama wanavyoamkiana watu wa Mereana, alimwachia mama mkwe wake tone la mchuzi wa nyama kwenye ncha ya pua. Mereana alingoja ageuke ndipo akajifuta, akajifuta tena kwa upande wa pili wa leso, kisha leso yenyewe akaitupa kwenye kapu la nguo chafu.

Kusema kweli hakumchukia. Binti yake Ripeka alimpenda Mzungu huyu, na Mzungu huyu alimpenda Ripeka, sasa mtu afanyeje? Lakini kumkubali mtu ni jambo moja, na kumtazama akila ni jambo jingine. Isitoshe, siku hiyo ni Mereana mwenyewe aliyemwita kwa shida yake, na hakuna kinachouma kama kumhitaji mtu anayekutia kinyaa.

Shida ilikuwa kamera. Kwenye marae yao, uwanja wa mikutano wa ukoo, kando ya mto Wairoa, ukuta wa nyuma wa nyumba ya mababu umejaa picha za waliotangulia. Aliye hai hatundikwi humo ng'o. Hupigwa picha yungali mzima, picha ikawekwa kabatini, siku yake ikifika ikakaa kando ya jeneza, kisha ikapanda ukutani kukaa na wenzake. Kwa miaka mingi picha hizo zilitoka mkononi mwa Mereana. Mkono huo sasa ulikuwa umeanza kumgeuka. Baridi yabisi ilikuwa imemwingia kwenye shina la dole gumba la kulia. Nayo kamera yake ya zamani, nzito kama tofali, ilikuwa imekufa kifo kibaya: mpira wa mshiko uliharibika kwa unyevu ukawa ute mweusi unaonata, kila akiishika anabaki na kiganja kinachonuka. Siku alipoitupa alinawa mikono mpaka viwiko.

Na Jumamosi ilikuwa inakuja. Jumamosi wangefunua jiwe la kaburi la marehemu mume wa Bibi Huria, na Bibi Huria alikuwa amekubali kupigwa picha.

Huyu Bibi Huria ni dada wa baba yake Mereana, wa mwisho katika rika lake, na maisha yake yote alikuwa amekataa kamera. Watoto wenye simu aliwatishia fimbo. Mereana akimbembeleza, jibu lilikuwa moja: "Kila uliyempiga wewe yuko ukutani. Mimi bado nina viazi shambani." Lakini wiki ile alimwita akamwambia, bila utangulizi, "Jumamosi. Nikishakunywa chai yangu. Mara moja tu, Mereana. Ukiikosa, umeikosa." Na Mereana alijua maana yake. Akiikosa, ukuta utabaki na pengo la bibi huyo milele, na kila atakayeliona pengo hilo ataambiwa ni la nani na limeachwa na nani.

Basi akamwita Brendon. Brendon huuza matairi, lakini akili yake yote iko kwenye kamera. Hununua zilizotumika, akazitumia kidogo, akaziuza, akanunua nyingine. Alikuja na mkoba umetuna. Akafungua zipu, na kabla Mereana hajawahi kusema neno, kamera tatu zilikuwa zimekaa juu ya meza ya chakula. Moja ilikuwa ubavuni mwa siagi. Moja ilikalia ukingo wa kitambaa kilichofunika mkate. Ya tatu, ile ndogo, ilikuwa imeegemea bakuli la mahindi.

"Toa!" Mereana alisema.

"Nini, mama?"

"Toa mezani! Toa, toa, toa! Ripeka! Hebu njoo umwone mumeo!"

Ripeka alitoka chumbani, akaangalia meza, akashika kichwa. "Brendon, jamani. Nimekwambia mara ngapi? Kinachogusa kichwa hakikai panapoliwa."

"Lakini si kofia. Ni kamera tu."

"Ukiitumia unaibandika wapi?" Mereana alimuuliza. "Usoni, au matakoni? Na wiki jana ulikuwa nayo wapi? Si ulinisimulia mwenyewe, makaburini kule Napier, unapiga picha za malaika wa mawe? Umeitoa kaburini ukaniwekea kwenye siagi!"

Moyo ulikuwa umemchafuka kwelikweli, si maneno tu. Alichukua siagi kwa ncha za vidole akaitupa, akaivua meza kitambaa chake na kumkabidhi Ripeka akakifue peke yake, kisichanganywe na nguo za mwilini. Brendon alikuwa amezikumbatia kamera zote tatu kifuani, anazungukazunguka jikoni kama mtu aliyeokota watoto wa paka.

"Niweke kwenye kiti?"

"Panapokaliwa? Kitu cha usoni?"

"Chini?"

"Watu waziruke?"

"Mama, basi nizimeze."

Ripeka akacheka, na Mereana naye nusura acheke, lakini alimwona Brendon akilamba siagi iliyomgusa kidoleni, akamgeuzia mgongo. Hatimaye wakafungua ubao wa kupigia pasi karibu na dirisha, kamera zikapangwa hapo.

Brendon alivuta pumzi ashukuru, akakunja pua. "Nini kinanuka hivi?"

Ni mahindi. Mereana alikuwa amefunua bakuli, maana alikuwa na njaa na hasira, na hasira zake hutulizwa na mahindi yaliyovundikwa majini mpaka yakalainika na kutoa harufu yake, yakapikwa uji, yakatiwa sukari na krimu. Baba yake alikula hayo, babu yake alikula hayo. Akachota kijiko.

"Sasa hicho ndicho kinyaa," Brendon alisema, mkono puani. "Samahani, mama, lakini hicho kinanuka kama soksi zilizofia ndani ya buti."

"Nyani haoni kundule. Una pai ndevuni tangu Hastings, unakuja kunifundisha harufu. Haya, nionyeshe hizo bodi zako."

Bodi ndivyo wenye kazi hiyo wanavyoiita kamera yenyewe bila lenzi, na Brendon alilipenda neno hilo kama anavyopenda pai. Alianza kuhubiri. Mereana akamwambia anyamaze, yeye hanunui hotuba, ananunua kitu cha kushika. Akanawa, akakausha mikono, akaichukua ya kwanza.

Ilikuwa nzuri kutazama, ya chuma, yenye magurudumu juu kama zilivyokuwa za zamani. Haikuwa na mshiko wowote, uso wake ulikuwa bapa kama kopo la biskuti. Kingo zilimkata kiganja. Ili asiiangushe ilibidi aibane kwa dole gumba, na dole gumba ndilo hilo bovu. "Hiki ni kiatu cha harusi," alisema akairudisha. "Cha kutazamwa, si cha kutembelea."

Ya pili ilikuwa ile kubwa. Mshiko wake ulikuwa mnene na wenye kina, vidole vyote vikapata mahali pa kukaa, hata kile cha mwisho. Kidole cha shahada kilijiangukia chenyewe kwenye kitufe cha kupigia. Dole gumba lilipata kibonde chake nyuma, likatulia. Aliipandisha jichoni, akaishusha, akaipandisha tena. Mereana hutumia jicho la kushoto, kwa hiyo pua yake hukandamizwa kwenye kioo cha nyuma kila akipiga, na kamera nyingi humwachia alama ya mafuta anayolazimika kuifuta siku nzima. Hii ilikuwa na kitundu cha kuchungulia kilichochomoza nje, pua ikapona. Na zaidi ya yote ilikuwa safi. Brendon alikuwa hajaitumia sana, haikuwa na jasho la mtu.

"Tamu, eh?" Brendon alisema.

"Hii kamera ina adabu."

"Tamu, lakini ishike hii nyingine kwanza."

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya plastiki, nyepesi kama sanduku la chai lililokwisha. Ndiyo aliyokuwa akitembea nayo Brendon kila siku, na ilijieleza. Mpira ulikuwa unang'aa kwa jasho la viganja vyake. Kidole cha mwisho cha Mereana kilikosa pa kukaa kikabaki kinaning'inia hewani. Na pembeni ya kitufe, ndani ya ufa mwembamba, alikiona kipande cha ganda la pai. Hakukisia. Alikiona, cha rangi ya dhahabu, kimejikita humo kama ukoko wa sikioni.

"Ina uchafu," alisema, akaunyoosha mkono mbali na mwili wake.

"Wapi? Aa, hiyo." Brendon alilamba dole gumba akasugua kamera, kisha, kwa ukarimu, akalamba tena akasugua na kitundu cha kuchungulia, pale ambapo mama mkwe wake alitakiwa kuweka jicho. "Tayari."

Mereana akaenda kunawa tena.

"Nisikilize kidogo, mama," Brendon alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na mzaha. "Usiipime kwa kuishika, ipime kwa kuibeba. Kila mtu akishika ile kubwa anasema aah. Nami nilisema aah. Lakini wewe utakuwa nayo tangu asubuhi kule makaburini mlimani mpaka chai, na hilo dole lako silipendi. Hii ndogo nakufungia kipande hapa chini, kidole kinapata pa kukaa. Na mkanda wake ni wa kuvaa kifundoni mwa mkono. Hutakuwa na haja ya kuiweka chini hata mara moja."

"Brendon, mwanangu. Una kamera ngapi wewe?"

"Nyingi."

"Na picha yako iko ukuta gani?"

Brendon alianza kuukunja mkanda wa ile ndogo.

"Mchagua jembe si mkulima," Mereana alimwambia. "Naichukua kubwa."

Ripeka, mlangoni, alimtazama mama yake kwa jicho la 'mama, umezidi'. Brendon akatikisa kichwa kukubali, akajilamba mchuzi pembeni mwa mdomo, akaanza kuzirudisha nyingine mkobani. Mereana aliona kwamba amemuumiza na hakufurahi. Lakini bado aliyaona yale mate kwenye kitundu cha kuchungulia. Hata dole gumba lilipomnong'oneza, pale pale kwenye ubao wa pasi, kwamba kitu hiki ni kizito, alijitia hasikii.

Jumamosi kulikuwa na manyunyu. Makaburi yao yako juu ya kilima, njia ni ya matope, na Mereana alipanda nayo kamera kubwa shingoni na lenzi nzito mbele yake. Alipiga picha za wazee wakiimba. Alipiga watoto wakivuta shuka lililofunika jiwe, na Bibi Huria, aliyempa mgongo makusudi, akiliwekea jiwe kiganja kana kwamba anampima mtu homa. Kamera ilikuwa mali. Kila kitu kilikuwa chini ya kidole. Mereana alijisikia fahari, akapiga na vitu visivyo na haja, hata uzio, hata ng'ombe wa jirani, kwa sababu tu mkono ulikuwa umepata mwenzake.

Walipokuwa wanashuka, dole gumba lilianza kuwaka. Langoni palikuwa na bomba la maji, na kila mtu aliyetoka makaburini alinawa na kujinyunyizia kichwani, kama inavyopasa, asije akaingia na mauti kwenye chakula. Mereana alinawa vizuri sana. Kamera haikunawa.

Siku zote huiacha garini. Ni sheria yake na kila mtu anaijua, maana ndiye anayewanyang'anya vijana simu zao kwenye meza za ukumbi wa kulia na kuwasuta mbele ya wageni. Lakini Bibi Huria alikuwa amekataa kwenda popote pengine. "Miguu yangu imebaki mlimani," alisema. "Utanikuta hapa hapa, kwenye chai yangu." Kwa hiyo Mereana aliingia nayo, akasimama ukutani karibu na meza ya wazee, hali, haketi, anangoja. Mkanda ulimkereza shingo. Akiiacha ining'inie, shingo inalia. Akiishika mkononi, dole linalia. Akawa anabadilisha, shingo, mkono, shingo, na kila akibadilisha ilikuwa imeongezeka uzito.

Harufu ya chakula kilichookwa shimoni ilikuwa imejaa ukumbini, nguruwe, malenge, na viazi vilivyonywa moshi wa udongo. Bibi Huria alikula polepole, kwa makusudi kabisa. Alikula nguruwe, akala mkate na siagi, akaagiza mahindi yake ya kuvunda akayala mpaka chini ya bakuli na kuagiza mengine. Kichwani alikuwa bado na shada lake la majani mabichi, la kufiwa. Chale zake za jadi za kidevuni zilikuwa zinapanda na kushuka akitafuna.

Mlangoni alisimama Brendon. Alikuwa na ile kamera ndogo imevaliwa kifundoni mwa mkono wa kulia, na kwa sababu alikuwa nayo hakuthubutu kukaribia meza yoyote. Watu walikuwa wamemletea ubavu wa nguruwe pale pale kizingitini. Aliushika kwa mkono wa kushoto akiukwangua kwa meno, mafuta yakateremka kidoleni, kiganjani, yakaingia ndani ya mkono wa shati. Mereana aliyafuata kwa macho mpaka yalipopotelea kwenye kiwiko. Ptu! Mtu mzima!

Brendon alimwona anamwangalia, akamsogelea akipitia ukutani, mbali na meza. "Mama, tubadilishane. Mkono wako unatetemeka, naona kutoka kule."

"Hiyo iliyojaa jasho lako? Afadhali nishike panya aliyekufa."

"Nimeifuta."

"Najua ulivyoifuta."

Brendon akarudi mlangoni na ubavu wake.

Ndipo Bibi Huria aliposukuma kikombe mbele. Alijifuta mdomo, akalinyoosha shada, akainua kidevu. Mwanga wa dirisha ulimwangukia upande mmoja wa uso, na Mereana, aliyekuwa ameungoja uso huo nusu ya maisha yake, alihisi machozi yakimlenga kwa uzuri wake.

"Haya, mtoto wa kaka yangu," Bibi Huria alisema. "Njoo na hilo jini lako."

Mereana alisogea mpaka ukingo wa meza. Akauvua mkanda shingoni ili usimvute, akaishika kamera kwenye ule mshiko mnene wenye adabu, akaipandisha. Ilifika kifuani. Hapo dole gumba lilikatika nguvu, ghafla, kana kwamba limetolewa mkononi. Kamera ikalala upande, ikamponyoka. Akaidaka lenzi kwa mkono wa kushoto, uzito wote ukamvuta chini, na mwili ukafanya kile ambacho mwili wowote hufanya mtu akikaribia kuangusha kitu. Uliiweka kwenye kilicho karibu.

Ilitua mezani. Ilitua katikati ya mkate na bakuli la mahindi, na mdomo wa lenzi ukazama kwenye siagi.

Bibi Huria aliiangalia kamera. Mdomo wake wa juu ulipanda upande mmoja, polepole, pua ikakunjika, chale za kidevuni zikapinda zote kuelekea huko huko. Kisha macho yakainuka kutoka kwenye siagi, yakampanda Mereana mikononi, kifuani, mpaka yakakutana na macho yake. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. Alikuwa na kinyaa, kinyaa kitupu, kama mtu aliyekuta unywele kwenye chakula na unywele huo ni wa ndugu yake.

Mlangoni kulilia kitu kidogo, tik.

"Imetoka kaburini kwa mume wangu," Bibi Huria alisema. "Leo asubuhi."

"Shangazi, mkono wangu..."

"Mkono wako nimeuona. Nimeona ulipoiweka." Alivua shada, akatafuta pa kuliweka, akalishika mapajani. "Nimemaliza."

Mereana aliinyakua kamera, siagi ikichuruzika kwenye lenzi. Wanawake wa jikoni walikuja bila kuambiwa. Waliondoa mkate, wakaondoa nguruwe, wakaondoa na mahindi ambayo bibi alikuwa hajayagusa, vyote kwenda kutupwa, wakakunja kitambaa cha meza kwa ncha zake nne. Hawakumtazama. Ni wale wale waliozoea kumsikia akiwasuta watoto wao. Kichefuchefu kilimpanda, na safari hii hakikuwa cha mtu mwingine. Alijikirihi. Mikono yake mwenyewe ilimtia kinyaa, akaishikilia mbali na mwili wake hivyo hivyo alivyokuwa ameishika ile kamera ndogo siku ile jikoni.

"Wewe Mzungu," Bibi Huria aliita. "Umenipiga?"

Brendon alikuwa amesimama pale pale kizingitini, ubavu mkono mmoja, kamera mkono mwingine, uso mwekundu. "Nimekupiga, bibi. Samahani. Mkono ulijiendea wenyewe. Naifuta sasa hivi."

"Ulikuwa nayo mkononi muda wote huo?"

"Mama aliniambia haiwekwi mezani. Sikuiweka."

Mereana alitamani sakafu ifunguke.

"Lete hapa niione. Usipitishe juu ya chakula."

Brendon alizunguka meza nzima, akapiga magoti kando ya kiti cha bibi, akamwonyesha kioo cha nyuma. Bibi Huria aliinamia muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka wakamletea maji.

"Huyu ndiye mimi," alisema akijifuta macho. "Siku mkinitundika, mnitundike hivi hivi. Na asifute mtu."

Mereana alimwendea baadaye, si mara moja. Alimpelekea mkate, alimpelekea samaki, alimwomba, alimlilia. Bibi Huria alimpokea vizuri kila mara, akala mkate wake, akamwambia, "Nilisema mara moja." Akafa mwaka huo huo, viazi vikiwa bado ardhini.

Picha ilisimama kando ya jeneza. Wageni waliotoka mbali waliinama mbele yake, wakalia, kisha wakasogea kuitazama vizuri, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona picha ya mfu iliyo hai namna ile. "Huyu ni Huria kabisa," walisema. "Nani kampiga?" Wakajibiwa ni mkwe wa Mereana. Halafu likaja swali la pili, na lilikuja kila mara: "Sasa hapo alikuwa anamtazama nani hivyo?" Ripeka alikuwa anakohoa. Brendon, aliyekuwa kwenye mstari wa wafiwa na makombo kwenye tai, alikuwa anaangalia viatu vyake. Aliyejibu ni Mereana. "Mimi," alikuwa anasema, na wageni wakadhani ni majonzi.

Ile kubwa aliirudisha. Siku hizi anatumia ile ndogo ya Brendon, na kipande kimefungwa chini yake, kidole cha mwisho kinakaa. Anaivaa kifundoni asubuhi, jioni amesahau kwamba anayo, na dole gumba halijamlalamikia tena. Ameisugua kwa spiriti mara nyingi. Ganda la pai amelichokoa kwa sindano limegoma, liko humo ufani mpaka leo, na jua likiwa kali anaisikia harufu yake pembeni ya pua. Bado inamtia kinyaa, na bado anaibandika usoni.

Bibi Huria yuko ukutani, juu ya mahali ambapo Mereana hutandika godoro lake wakikusanyika na kulala ndani ya nyumba ile ya mababu. Amejaribu kuhamia pembe nyingine. Uso ule unamfuata, mdomo umepanda upande mmoja, macho yanapanda kutoka mikononi mwake kuja juu. Basi kila anapoingia, kabla hajavua viatu vizuri, kabla hajamsalimia aliye hai yeyote, Mereana huinua viganja vyake vitupu mbele ya picha hiyo.

"Nimeiacha garini, Shangazi," husema. "Iko garini."